Jalada la Giza

Bandung, 11 Machi 1996

Mjomba Tukiran,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, mafua tu, baridi ya huku milimani inaingia mpaka ndani ya godoro. Naamini barua hii itakukuta barazani na kahawa yako, na bega limetulia. Goti la Mama vipi? Mwambie ile dawa niliyomletea ni ya kuchua, si ya kunywa. Namjua alivyo. Akiuliza kama nakula, mwambie nakula. Akiuliza nakula nini, mwambie wali, usiendelee.

Sasa Mjomba, nina jambo. Muhula huu chuo kimetupa kazi moja kubwa: kila mwanafunzi abuni jarida la muziki, la kwake mwenyewe. Uamue nani atalisoma, uende ukawaulize hao watu wanapenda nini, ulitafutie jina, uchague herufi na rangi, halafu utengeneze jalada, ukurasa wa yaliyomo, na kurasa mbili za ndani zinazotazamana. Picha ni zako au za mtu wako, kukata kwenye majarida ya wengine marufuku. Mwezi wa saba zinabandikwa zote ukumbini, watu wanapita kuangalia, na hapo ndipo inajulikana nani anapanda mwaka na nani anarudia.

Darasa zima limekimbilia gitaa. Kuna mmoja anaitwa Asep, jalada lake tayari lina kijana mwenye nywele mpaka kiunoni, katoa ulimi. Mimi nilizunguka na maswali yangu, nikawauliza vijana habari za gamelan, ngoma yetu ya shaba. Asep akaniambia, "Zile shaba zenu? Si muziki wa kusinzilia harusini huo?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, Mjomba. Nilipofika chumbani ndipo nikaona aibu, maana nilikumbuka siku mnazofua upatu mkubwa, sahani za Mama zinavyotetemeka kabatini, na sisi watoto tunanyamaza bila kuambiwa.

Basi jarida langu nimeamua liwe la watu wanaotengeneza ala. Nimeliita Ombak, lile wimbi linalobaki hewani upatu ukishapigwa. Na kwenye jalada nataka upatu mkuu wakati unazaliwa, mwekundu, na Mzee Wiryo, fundi wenu mkuu, mbele yake.

Kamera nimempa Paryanto wa lori la viazi. Kila kitu nimeshakiweka sawa, wewe bonyeza tu. Shida ni moja: kamera haioni gizani, na kiwanda chenu ni giza kama ndani ya chungu. Taa ya kamera usiwashe, itaua rangi ya moto. Naomba ufungue kile kidirisha cha mianzi, kidogo tu, unibonyezee.

Mpwa wako,
Ningsih


Pelemkarang, 25 Machi 1996

Mwanangu Ning,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti, mama yako akichambua maharage. Ile dawa alikuwa ameshakunywa kijiko. Anasema goti limepona. Sijui nicheke au nimpeleke kwa daktari. Bega langu lipo, linaniambia mvua kabla ya redio.

Kamera imefika, Paryanto kaifunga ndani ya gunia la viazi. Ngadiman, mwenzangu wa nyundo, kaiona akaniuliza, "Tukiran, hiyo unaila au unaivaa?" Nikamwambia ni ya mpwa wangu wa chuo kikuu, nyamaza, usiipumulie.

Nimefurahi sana na jarida lako. Mimi mtu wa darasa la sita sijui jalada linafanywaje, lakini uliposema Mzee Wiryo atakuwa mbele ya kitabu nilikaa chini. Hakuna mtu aliyewahi kumweka mbele ya kitu chochote.

Ila dirisha halifunguliwi, mwanangu.

Ninyi mlikua mkitusikia kwa nje, kwa hiyo hukujua. Mle ndani hakuna kipimo. Kipimo ni jicho la Mzee. Shaba na bati vikishaungana, kuna rangi moja tu ambayo kitu kile kinakubali nyundo. Kabla ya hapo ni jiwe, kinapasuka. Kikipita hapo ni biskuti, kinamomonyoka. Na hiyo rangi haikai, inakuja na kuondoka kama haya kwenye uso wa msichana. Penye jua haionekani kabisa. Ndiyo maana tunakaa gizani adhuhuri kweupe kama popo.

Siku tatu kabla, Mzee anakula wali mweupe na maji, bila chumvi. Asubuhi ya kazi tunaweka maua, ndizi na ubani, halafu majina yetu tunayaacha mlangoni pamoja na ndara. Ndani tunaitana kwa majina ya wana wa mfalme wa hadithi za kale. Mimi huyu, mwana wa mfalme! Ngadiman anasema siku moja atamwingiza mkewe humo, naye akasikie anavyotakiwa kuitwa.

Miaka yote hii napiga nyundo, Ning, na bado upatu unapotoka motoni mwili wangu unasisimka kama mtoto aliyeona mwezi unaliwa. Ule si moto tena na si chuma. Unatoka umebebwa, mzima, duara, na watu wazima wenye ndevu wote wanashika pumzi. Sijui nikwambieje.

Mwezi ujao tunafua wa watu wa Wonogiri, mkubwa kweli. Nitabonyeza hivyohivyo gizani, tuone Mungu atatoa nini.

Mjomba wako,
Tukiran


Bandung, 9 Aprili 1996

Mjomba wangu,

Assalamu alaikum. Mafua yameisha, yamemhamia mwenye nyumba wangu, sasa ananitazama kama mchawi. Mwambie Mama dawa aache, tafadhali.

Barua yako nimeibeba darasani. Hayo maneno ya haya kwenye uso wa msichana nimeyaandika kwa herufi kubwa katikati ya zile kurasa mbili za ndani, na jina lako chini yake. Usikasirike. Mwalimu Lilis, anayetusimamia, aliyasoma, akaniuliza, "Huyu Tukiran ni mshairi?" Nikamwambia anapiga nyundo.

Lakini kuhusu jalada kanibana. Kasema, "Ningsih, jalada lina pumzi tatu. Mtu akipita mbele yako pumzi tatu hajasimama, umempoteza. Unaniletea picha gani?" Nikamwonyesha upatu uliotundikwa, ile picha ya zamani niliyoipiga nyumbani. Akasema hiyo ni picha ya pasipoti ya maiti. Asep kacheka mpaka kaangusha rula.

Nimeelewa kuhusu dirisha, Mjomba. Basi. Piga hivyohivyo. Ila ukweli ni kwamba hivyohivyo zitatoka nyeusi, na mimi nitasimama ukumbini na jalada la mtu aliyesahau kufungua kamera.

Sikulazimishi. Wewe ndiye uliyemwambia Mama aniruhusu nije huku wakati ukoo mzima ulikataa. Nilitaka tu uone kwamba hukukosea.

Ningsih


Pelemkarang, 30 Aprili 1996

Mwanangu Ningsih,

Waalaikum salaam. Sikukuu ya kuchinja imepita salama. Mama yako kapata sehemu yake ya mbuzi, kachoma mishikaki, kakuwekea miwili mpaka ikachacha. Goti lile lile. Mvua zimekatika.

Filamu nimempa Paryanto, sijui imetokaje.

Upatu wa Wonogiri umevunjika. Nyundo ya kwanza tu baada ya kutoka motoni, ya Ngadiman, ukafunguka kutoka ukingoni mpaka katikati. Mambo ya kazi haya, hutokea.

Ngadiman alitaka kututoa huzuni, akasema, "Mzee, labda ulionja tempe ya soya yenye chumvi." Mzee Wiryo aliokota kipande, akakigeuza geuza, akasema jicho lake limekufa. Hivyo tu. Kesho yake akaniletea koleo lake nyumbani, lile la babu yake, akaliegemeza ukutani, akakataa chai. Kiwanda kimefungwa. Watu wa Wonogiri walikuja, wakakaa, wakaondoka.

Usiulize sana, watu huku wana huzuni. Soma kwa bidii.

Tukiran


Bandung, 18 Mei 1996

Mjomba,

Assalamu alaikum. Nasikitika sana, sana, kwa habari ya upatu na kwa Mzee Wiryo. Nimesoma barua yako nikamwona anavyotembea na koleo lile barabarani. Mpe salamu zangu, ingawa sijui utampaje.

Filamu niliisafisha mwenyewe, kwenye chumba cha giza cha chuo. Picha za mwanzo zote nyeusi. Nikasema haya, ndiyo hivyo. Halafu nikatia karatasi ya kumi na moja kwenye dawa, nikaanza kuona kidevu.

Mjomba, nilipiga kelele. Mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mzee Wiryo ameinama, nusu ya uso ina mwanga na nusu haina. Jasho limesimama kwenye nyusi. Mdomo umefunguka kidogo, kama anataka kumwita mtu kwa sauti ya chini. Na macho yale! Sikuwahi kujua mtu anaweza kutazama hivyo. Nilimkuza kwenye karatasi kubwa, nikamweka mezani darasani. Mwalimu Lilis akavua miwani. Asep akaja, akaiangalia, akarudi kwake, akaja tena. Hakuna aliyetania. Jina la jarida nimelipanga juu ya kichwa chake, herufi nyeupe nene. Jalada limepatikana. Sijawahi kutengeneza kitu kama hiki na sijui kama nitatengeneza tena.

Lakini Mjomba, mwanga ule unatoka juu, kushoto. Ni wa jua, si wa moto.

Uliingiaje?

Kama ni mimi niliyeyafanya haya, niambie.

Ningsih


Bandung, 14 Juni 1996

Mjomba,

Salaam. Paryanto kasema nyumbani mko wazima na kwamba wewe siku hizi unapita njia ya nyuma ya mashamba kwenda msikitini. Alisema kama kichekesho tu. Najua nyumba ya Mzee Wiryo iko njia ya mbele.

Sina la kuongeza. Nasubiri.

Ning


Pelemkarang, 25 Juni 1996

Ning, mwanangu,

Waalaikum salaam. Mama yako mzima. Mimi sijui niseme vipi hali yangu, kwa hiyo nianze na lenyewe.

Nilifungua mimi.

Siku ile bega liliniuma, nikaomba nipumzike mzunguko mmoja, Ngadiman akakaa mahali pangu. Ni ruhusa, tunapokezana. Nikasimama kona ya kidirisha, kamera chini ya shuka langu. Nilikuwa nimeshabonyeza mara kadhaa gizani, najua ni bure. Upatu ulikuwa umerudi motoni kwa mara ya mwisho mwisho, umeshapanuka, mzuri, hata mimi sijauona mzuri kama ule. Mzee kainama anasoma rangi. Nikafikiria wewe umesimama ukumbini na karatasi nyeusi na watoto wa watu wanakucheka. Nikasema, kiganja kimoja tu. Nikasukuma mianzi kwa kiganja.

Jua likaingia, likampata Mzee usoni, likapata moto. Nikabonyeza. Na nikasikia Mzee anasema, "Bado."

Ning, haikuwa bado. Moto ukiguswa na jua unapauka, unajua mwenyewe hata wa jikoni. Rangi ilikuwa imeshafika, yeye akaiona imefifia, akasubiri. Nikakaa kimya. "Bado," akasema tena. Ndipo nikafunga. Pumzi chache tu hizo, na wakati ule hakuna anayegeuza uso kutoka motoni, ndiyo maana hakuna aliyeniona. Kiza kiliporudi akashtuka, akasema "Sasa, sasa!" wakautoa. Ulikuwa umeshapita. Ngadiman akapiga.

Ningesema pale pale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Mzee akainama akaokota kile kipande, nikaona mikono yake, nikasema ngoja apoe kidogo. Alipoleta koleo nyumbani kwangu, nikasema ngoja aondoke. Halafu Ijumaa, msikitini, akasimama karibu yangu kwenye safu, bega kwa bega, akanisalimia kwa upole. Kuanzia pale ndipo nilipojua mimi ni mtu wa namna gani. Wizi wa kuku una nafuu, kuku hakusalimii.

Sijamwambia. Watu wanamhurumia, wanampelekea uji wa mchele kama mgonjwa. Ngadiman haongei, anaona ni nyundo yake. Na mimi ndiye wanayenijia kuniuliza, "Tukiran, wewe ndiye mkubwa baada ya Mzee, tutafua lini?" Wananiomba nikae kwenye kiti chake.

Hukufanya wewe. Wewe uliandika "basi". Mkono ni wangu. Picha fanya utakavyo, mwanangu, mimi sina haki ya kukushauri.

Tukiran


Bandung, 22 Julai 1996

Mjomba wangu Tukiran,

Assalamu alaikum. Nimepanda mwaka. Nimeanza na hilo ili umwambie Mama, apumzike. Sasa nisikilize.

Barua yako ilinikuta nakata kingo za jalada. Kisu kiko mkononi. Nilisoma, nikaliegemeza jalada ukutani, nikalitazama siku nzima, sikwenda darasani. Na sikutaka kuliacha. Nilijitafutia sababu: upatu umeshavunjika, haurudi, Mzee hatafika Bandung, nani atajua. Nilikuwa naipenda picha ile kuliko ninavyompenda Mzee Wiryo, aliyenifundisha kuhesabu mawimbi ya upatu kwa vidole. Hicho ndicho nilichotaka kukwambia. Kama wewe ni mtu wa namna hiyo, basi tuko wawili, tena mimi niliandika "basi" nikijua haitakuwa basi. Nilikutia wewe shoka mkononi nikageuka pembeni.

Kesho yake niliitoa.

Nikarudi kwenye zile nyeusi. Ile ya tatu, kabla hujagusa dirisha. Ukiitazama haraka ni karatasi iliyoungua. Ukikaa nayo, chini kabisa kuna mstari mwekundu, mwembamba kama ukucha, umepinda. Ni ukingo wa upatu. Nikasema hiki ndicho Mzee anachokiona. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kukiona.

Nikaifanya jalada zima. Jina nikaliweka kwa herufi nyeupe, likaua wekundu pale pale, ilikuwa kama mtu kafungua dirisha. Nikazipunguza, kijivu, bado. Mwisho nikaandika Ombak kwa rangi ya udongo uliokolea, nyeusi karibu sawa na giza lenyewe, kiasi kwamba jina linakuja baada ya jicho kuzoea. Mwalimu Lilis akasema, "Ningsih, umekuwa na jalada la ajabu mkononi na unaniletea usiku?" Nikamwambia lile la kwanza si langu. Kwenye yaliyomo akauliza kwa nini habari kubwa nimeiweka ukurasa wa mwisho, wenzangu wote wameiweka mbele. Nikamwambia kwetu upatu mkuu unapigwa mwisho, vyote vingine vinatembea kuuendea. Hapo akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Siku ya ukumbi watu walipita. Pumzi tatu, wakapita, wengi tu. Mama mmoja alidhani ni ubao wa matangazo usio na tangazo. Lakini wachache walirudi nyuma, na waliorudi walikaa. Niliwaona wanasogeza uso, wanakunja macho, halafu mabega yanashuka. Asep alikaa mbele yake mpaka baridi ya soda yake ikaisha. Akaniambia, "Ning, hiki chekundu kinasogea?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Naona kama kinasogea." Mjomba, nilikuwa nimesimama nyuma yao, kazi ni yangu mwenyewe na niliiogopa.

Alama ni za kupita, si zaidi. Asep kaniacha mbali, ulimi wake umeshinda.

Ndani ya bahasha hii kuna ile picha ya kumi na moja. Filamu yake nimeikata kipande hicho, ipo humo pia. Haipo nyingine. Ni ya Mzee Wiryo. Simpelekei mimi, na Paryanto nimemkatalia.

Ningsih


Pelemkarang, 2 Septemba 1996

Mwanangu Ning,

Waalaikum salaam. Mama yako alipiga kelele aliposikia umepanda mwaka, akatangaza kisimani, akapika wali wa manjano kwa majirani, na goti kalisahau. Wanauliza jarida linauzwa wapi. Nimewaambia lipo moja tu duniani. Heshima imepanda.

Sikuchelewa kujibu kwa hofu safari hii. Nilitaka niwe na la kujibu.

Nilikwenda kwa Mzee asubuhi, kwa njia ya mbele. Nilimkuta uani anawapa njiwa mtama. Akasema, "Aa, Tukiran, karibu, kaa." Sikukaa. Nilimwambia nimesimama, kila kitu, tangu shuka mpaka bado ya pili. Alipomaliza mtama wa mkononi akafuta kiganja kwenye shuka lake.

Akasema, "Unajua kila asubuhi nafanya nini? Naingia jikoni kabla mke wangu hajaamka. Nafumba jicho moja, naangalia makaa. Nafumba la pili, naangalia makaa. Najipima, mzee mzima, kama mtoto anayetafuta jino linalotikisika. Na wewe unanisalimia hapo barabarani."

Nikamwambia, "Mzee, siku hizi hata barabarani sipiti."

"Nimeona," akasema. "Nilidhani unaona haya kwa ajili yangu."

Ning, ningependa anipige. Mkewe alitoka na chai, akatutazama, akarudi nayo ndani.

Nikampa bahasha. Akaitoa picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakaa chini kwenye kile kigoda cha njiwa. Akauliza, "Huyu nani?"

"Ni wewe, Mzee."

"Mimi niko hivi?"

"Uko hivyo."

Hajawahi kujiona, unafahamu? Maisha yake yote yuko gizani na uso wake, sisi wote tunaangalia moto. Akagusa macho ya kwenye karatasi kwa kidole, akasema, "Huyu mtu anaogopa." Nikasema sote tunaogopa, Mzee. Akasema, "Nilipoingia mara ya kwanza, baba alinitoa kwa sikio kwa sababu nilikuwa natetemeka. Nikajifunza kutotetemeka. Nilidhani nimeacha na kuogopa." Akaendelea kuangalia. Halafu akacheka kidogo, puani, na machozi hapohapo. "Kumbe bado naogopa sawasawa. Basi sijafa."

Nikadhani nimesamehewa. Akaikunja picha kwenye shuka, akasimama, akasema, "Nyundo hutashika. Moto hutauona. Nikisema mwaka, mwaka. Nikisema mpaka nife, mpaka nife. Waite watu wote, uwaambie wewe mwenyewe, Ngadiman kwanza." Nikawaita. Ngadiman hakunitania, aliondoka akarudi baada ya siku mbili, akanitupia ndara zangu nilizoacha kwake, akasema, "Vaa, mshenzi, tuna kazi." Hayo ndiyo maneno matamu niliyopata siku hizi.

Wonogiri walirudi. Vile vipande viliyeyushwa vyote, shaba ile ile. Mzee alifunga tena wali na maji. Mimi nilipewa kazi: nisimame nje, mgongo kwenye kidirisha cha mianzi, nikizibe kwa mwili, mpaka waniambie niondoke. Jua la Agosti unalijua. Watoto walinizunguka wakauliza, "Baba Tukiran, umefungiwa nje?" Nikawaambia ndiyo.

Nikasikia yote. Mivukuto. Ubani unapita kwenye mianzi. Sauti ya Mzee, ile ya chini. "Bado." "Bado." Nikajibana kwenye ukuta mpaka mianzi ikanikata shati. Halafu "Sasa," taratibu, kama anamwamsha mtu, na nyundo zikashuka, moja, ya pili, ya tatu, na hakikupasuka kitu. Waliendelea hivyo mpaka alasiri, na siku za kukwangua, na siku za kutafuta sauti, na mimi niko nje.

Jana waliutundika. Hakuna aliyeniambia, nilijua kwa sababu ndani pakawa kimya na kuku wa jirani wakaacha kuparura. Mzee akaupiga mara moja.

Sijui niandikeje, Ning. Haukuja masikioni. Ulikuja kwenye mianzi, ukaingia mgongoni, ukapita kifuani, ukaenda zako kuelekea kwenye mashamba, na mimi nilikuwa katikati ya njia yake. Mama yako alikuwa anapita na kapu, akaliweka chini. Watoto wakakaa. Tulisubiri uishe, na hatukujua umeisha lini.

Mlango ukafunguliwa, wakatoka mmoja mmoja, wanapepesa macho kwa jua. Mzee alikuwa wa mwisho. Alipita mbele yangu, hakusimama. Akasema tu, "Unaweza kuondoka dirishani."

Sikuweza. Nilisimama pale mpaka jua likazama, mgongo kwenye mianzi, na mianzi ilikuwa bado ya moto.

Mjomba wako,
Tukiran